Siku Walipotaka Nirudishe Kichwa cha Yosia

Wajukuu zangu, na hasa wewe Neema uliyeniandikia kutoka chuoni kwamba umepangiwa kusoma anthropolojia na hujui ni mdudu gani: babu yako anamjua. Niliifanya kazi hiyo miaka minne, zama za Mwingereza, huku huku kwetu Mbozi, kabla hata baba yako hajazaliwa. Jina la elimu yenyewe sikulijua mpaka mwaka wa pili. Nilichokijua mapema ni hofu. Nitawaeleza elimu, kwa kuwa ndiyo mliyoiomba, lakini msinitake niieleze bila hofu yake. Vyote viwili viliingia kwangu siku moja, na mpaka leo nikisikia gari linapunguza mwendo mbele ya nyumba, naweka tonge chini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na Kinyiha cha nyumbani, Kinamwanga cha upande wa mama, Kiswahili cha darasani, na Kiingereza cha kuombea radhi. Akaja Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi, akapiga hema Igamba. Watu walimwita Bwana Rula, kwa sababu hakuna alichokiona asikipime: mlango wa nyumba, mpini wa jembe, mtungi, hata hatua za mwanamke atokaye kisimani. Alitafuta mkalimani, nami nikajitokeza.

"Bwana, kazi yako hasa ni nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Kusoma watu."

Niliogopa hapo hapo. Kwetu anayekutazama sana bila kusema shida yake huwa ana jambo lake.

Basi, anthropolojia ni elimu ya binadamu, mzima mzima: anavyoishi, anavyosema, alivyoumbwa, na walichokiacha ardhini wale waliomtangulia. Kwa sababu binadamu ni mkubwa mno kubebwa na mtu mmoja, wasomi wamegawana. Kuna wanaochunguza maisha na desturi, nao ndio wa utamaduni na jamii. Kuna wa lugha. Kuna wa akiolojia, wanaofukua. Na kuna wa maumbile, wanaotazama mifupa, damu na miili. Siku hizi, naambiwa, kila mmoja ana idara yake na mlango wake. Bwana Rula alikuwa na hema moja, na mimi.

Uchunguzi wa desturi ndio nilioupenda, kwa kuwa ulihitaji kukaa tu. Lakini kuna kukaa na kukaa. Mwanzoni nilifika kwenye nyumba za watu na daftari wazi na kuuliza, "Mnaoaje hapa?" Wakanijibu kama wanavyomjibu mkusanya kodi, yaani uongo mtupu. Nilipojifunza kushika gunzi na kupukuchua mahindi pamoja nao, wakaanza kusema bila kuulizwa. Na mshike hili: linaloandikwa si lile watu wanalosema wanalifanya tu, ni lile wanalolifanya. Wazee watatu walituambia, kila mmoja peke yake, kwamba mkwe wa kiume hawezi kusimama uso kwa uso na mama mkwe wake. Wiki hiyo hiyo tukamkuta mmoja wao anagombana na mama mkwe wake juu ya mbuzi aliyekula mbegu, tena wamesogeleana pua kwa pua. Bwana Rula alifurahi kama mtoto, akaandika kurasa sita. Mimi niliogopa mzee asije akatuona.

Kazi ya lugha ilifanyikia nyumbani kwa mama Yosia. Yosia alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulisoma misheni pamoja, kitabu kimoja watu wawili. Mama yake alikuwa mjane mwenye Kinyiha kisichochanganyika, basi Bwana Rula akamfanya mwalimu. Alitaja jina la kila kitu kuanzia unywele hadi ukucha, nami nikaandika kila neno kwenye kadi yake. Mambo yalikwama siku Bwana alipotaka kujua jinsi tunavyosema jambo lililopita na jambo lijalo. Aliniagiza nimuulize mama atasemaje, "Mwanangu ataugua."

Mama Yosia akaweka ungo chini. "Siyasemi hayo."

"Ni maneno tu, mama. Ni ya kuandika."

"Neno hilo nikilitoa litakwenda wapi, Lameki? Mimi nina mwana mmoja."

Mtu mwenye akili angeuliza habari ya mvua au ya ng'ombe. Mimi nilitaka kumpendeza Bwana. Nikambembeleza, nikamtania, nikamwambia yeye ni mkristo wa kubatizwa na bado anaogopa upepo. Mwishowe akalisema, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Nikaliandika. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililifanya huku nacheka.

Kufukua tulikufanya kilimani, kwenye tanuri la zamani la kuyeyushia chuma. Aliyetuonyesha ni mzee Mbeta, baba mkubwa wa Yosia, ambaye ujana wake aliyeyusha chuma mwenyewe kabla majembe ya dukani hayajaifuta kazi hiyo. Niliambulia ujuzi mwema pale. Hatuchimbi kama anayepanda migomba. Tunakwangua udongo tabaka kwa tabaka, kidogo kidogo, na kila kinachoonekana kinaandikwa kilipolala kabla hakijaguswa, maana kikishatolewa bila kuandikwa hakisemi tena chochote. Nilijaza vikapu vya mavi ya chuma, yale masalia ya kuyeyusha, nikadhani ni uchafu, kumbe Bwana aliyathamini kuliko kingine chochote.

Chini kabisa ya tanuri tukakuta chungu kidogo kimefunikwa. Mzee Mbeta akarudi nyuma hatua tatu. "Hicho ni chungu cha dawa, ndicho kilichokuwa kinalishikilia tanuri," alisema. "Mnakiondoa, mnaachia nini?" Bwana Rula alikichora, akakipima, kisha akakizungushia pamba na kukitia sandukuni. Mimi ndiye niliyelibeba sanduku hadi kwenye gari.

Sasa gari. Lilikuwa la kijivu, nyuma limefungwa pande zote, halina dirisha. Miezi ile watu waliotoka Tunduma sokoni walirudi na habari za ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Nakonde. Huko walisema kuna banyama, watu wanaokamata watu barabarani, wakiwatia kwenye magari yaliyofungwa na kuwanyonya damu. Huku kwetu wengine waliwaita mumiani. Bwana Rula naye alikuwa na chupa ya wino mwekundu, na aliwahi kuimwaga kwenye kitambaa. Mfuaji nguo wake aliacha kazi siku hiyo hiyo bila kuaga. Nilimwambia Bwana apake gari rangi nyingine na atumie wino wa bluu. Akauliza, kwa kile Kiswahili chake safi cha pwani, "Lakini Lameki, mtu mwenye akili anawezaje kuamini hayo?" Nikageukia kadi zangu, maana usiku nilikuwa nayaamini kidogo mimi mwenyewe.

Katikati ya hali hiyo ndipo akatoa kazi ya maumbile. Alikuwa na chuma chenye mikono miwili iliyojipinda kama pembe za ng'ombe, na katikati kina rula ndogo. Kilikuwa cha kupimia kichwa: upana juu ya masikio, urefu toka paji hadi kisogoni. Wasomi wa siku hizo walidhani vipimo hivyo vitawaambia kabila gani lilitoka wapi na nani yuko karibu na nani. Niliwahi kusikia baadaye kwamba elimu hiyo ya vichwa imetupwa, na iliwahi kutumika vibaya mno. Sikushangaa.

Hakuna aliyekubali kupimwa. Watu walikitazama kile chuma na kuondoka mmoja mmoja. Nikamfuata Yosia.

"Anza wewe," nikamwambia. "Wakikuona umepimwa na uko mzima, watakuja."

"Wewe unasemaje, hakina neno?"

"Hakina."

"Basi pima." Akaketi kwenye kigoda mbele ya watu wote, akafumba macho. Mimi ndiye niliyepima, kwa kuwa Bwana aliona watu wataogopa zaidi mkono wake. Kanuni ni kwamba unabana nywele mpaka chuma kiguse ngozi, ndipo unasoma. Yosia alikuwa na nywele nyingi, ngumu, nami niliogopa kumbana rafiki yangu mbele ya mama yake. Nikagusa juu juu, nikasoma haraka, nikaandika upana: milimita mia moja hamsini na tisa. Watu wakapiga makofi. Siku hiyo tulipima vichwa kumi na vinne.

Siku ya tisa baada ya kupima, asubuhi kisimani, mwanamke mmoja aliniambia Yosia hawezi kuinua kichwa. Ana homa, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilijua gari lipo. Nilijua Bwana Rula angemwahisha hospitali ya Mbeya saa ile ile, hakuwa mtu wa kusita. Lakini nilijua pia watu watasema nini, na nani aliyeshika kile chuma. Nikarudi hemani. Bwana akauliza mbona hakuna watu leo, nikasema wako kwenye mavuno. Nikaketi kunakili kadi za maneno, mwandiko mzuri, kutwa. Kesho yake nikafanya hivyo hivyo. Kila aliyepita njiani nilidhani anakuja kunichukua. Sikwenda kumwona. Siku mbili nzima nilikuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani kwake, naandika majina ya vidole vya miguu.

Siku ya tatu walikuja. Mzee Mbeta mbele, nyuma yake wanaume kama ishirini, wengine na mapanga ya shambani. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Kijana," mzee alisema, "tumekuja kukuchukua wewe, na chuma chako, na karatasi yenye kichwa cha Yosia. Ulichokichukua ukirudishe."

Bwana Rula, niliyemtafsiria, ndipo kwa mara ya kwanza akajua kuna mgonjwa. Akaniangalia mara moja, kwa muda mrefu. Kisha akasema gari liko tayari, twende Mbeya sasa hivi. Nikawaambia. Wanaume wakasogea, wakalizunguka lile gari, na mmoja akasema, "Humo? Aingie humo, atoke wapi?"

Ikawa wazi kwamba Yosia hataingia kwenye gari mpaka kwanza nirudishe kichwa.

Nikaingia kwa mama Yosia na kadi mkononi. Rafiki yangu alilala upande, macho yamefumbwa, anapumua kwa shida. Mganga alikuwa amemuumika kwa pembe ili kuvuta damu mbaya, na ili pembe hiyo ishike alikuwa amemnyoa nywele juu ya masikio, huku na huku. Mama yake hakunitazama. Alisema tu, "Neno lile nililisema kwa kinywa changu mwenyewe, Lameki, kwa kuwa uliniambia ni la kuandika."

Mzee Mbeta akaamua namna ya kurudisha. Nipime tena pale pale, nitaje namba kwa sauti, zilingane na za kwenye karatasi, wote wasikie kwamba kichwa kipo chote. Kisha karatasi apewe mama. Niliona ni jambo jema na rahisi, nikapiga moyo konde. Nikaweka chuma juu ya masikio, pale paliponyolewa. Nikasoma. Mia moja hamsini na moja.

Nilisoma tena. Ilikuwa hiyo hiyo, na nyuma yangu walikuwepo watu wawili waliopita shule ya misheni, wanaojua namba kama mimi.

"Taja," alisema mzee.

Ningeweza kudanganya, ila wale wawili walikuwa wameinama begani kwangu. Nikataja. Mmoja wao akasoma kadi: mia moja hamsini na tisa. Kilio kikapanda, na mkono wa mtu ukanishika shingoni kwa nyuma. Kichwa cha Yosia kilikuwa kimepungua milimita nane, na mbele ya watu wote mimi mwenyewe ndiye niliyelithibitisha hilo. Mkojo ulinitoka. Naandika hili kwa kuwa mmekua.

"Ni nywele!" nikapiga kelele. "Ni nywele, baba! Alinyolewa! Siku ile nilipima juu ya nywele!"

Kama si mzee Mbeta nisingekuwa na wajukuu. Aliinua mkono, wakaniachia. Alikuwa mfua chuma, na mfua chuma anajua kupima kuliko msomi.

"Namba ni zako," alisema. "Mimi nitatumia zangu." Akachomoa unyasi mmoja kwenye paa. Akanibana kichwa kwa kile chuma juu ya nywele zangu, kama alivyoniona nikifanya, akakitoa na kuukata unyasi sawasawa na uwazi wake. Kisha akaagiza wembe. Akaninyoa mwenyewe juu ya masikio, kavu kavu, damu ikanichuruzika, akapima tena na kukata unyasi wa pili. Akazilaza nyasi zote mbili kwenye kiganja chake, akaenda nazo mlangoni penye mwanga.

Wa pili ulikuwa mfupi.

Akazunguka nazo kwa kila mtu, polepole, mpaka kwa mama Yosia. "Na huyu naye kapungua," alisema. "Hakuna aliyemla. Ni nywele." Baadhi walicheka, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Nami nikaanza kucheka.

Mama Yosia hakucheka. "Sawa, kichwa kiko chote," alisema. "Basi mwanangu anaumwa nini?"

Katika kadi zetu zote, za maneno, za ukoo, za vipimo, hapakuwa na mahali pa swali hilo. Nikamwambia sijui, ila Mbeya wanaweza kujua, na njia ni lile gari. Alifikiri. Kisha akasema Yosia ataingia kwenye gari pamoja na mzee Mbeta, nami nitabaki nyumbani kwake. Nitalala humo, nitakula humo, mpaka mwanawe arudi. Asiporudi, alisema, tutajua la kufanya. Hakusema kwa ukali.

Gari likaondoka. Nilikaa ndani ya nyumba ile nikipukuchua mahindi, na wanaume wawili mlangoni, kila mmoja na panga lake magotini. Siku ya kwanza sikumeza kitu. Siku ya pili alasiri tukasikia mlio, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kusimama. Bwana Rula alishuka peke yake. Mama Yosia akaanza kuvua kitambaa cha kichwani, kama wafanyavyo wafiwa.

Bwana aliacha Kiswahili siku hiyo. Alinisemesha kwa Kiingereza, haraka, akinikazia macho. Yosia yuko hai. Ni homa ya uti wa mgongo, wamemchoma sindano, homa inashuka, mzee Mbeta amebaki naye. Lakini masikio yamekufa, hatasikia tena. Daktari anasema angeletwa siku mbili kabla, masikio yangepona. Akangoja nitafsiri.

Nikamgeukia mama Yosia. Nikamwambia mwanao yuko hai. Nikamwambia ni homa ya uti wa mgongo. Nikamwambia masikio yameharibika.

"Na nini tena?" aliuliza. "Amesema maneno mengi zaidi."

"Ni hayo tu, mama."

Bwana Rula alikuwa ameshajifunza Kinyiha kiasi cha kusikia kilichokosekana. Hakunisahihisha mbele yao. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine miwili, naye hakunitaka tena niketi naye kwa chai. Neema, utafundishwa mengi huko chuoni kuhusu namna ya kuwauliza watu. Sijui kama wapo watakaokufundisha kwamba siku moja utakuwa na neno la mtu mkononi, ni lake, na ni wewe peke yako unayeweza kumpa au kumnyima.

Yosia alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa penseli, "Nisamehe." Aliisoma akiiweka karibu na macho. Kisha akauliza kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia tena, "Kwa lipi?"

Akanirudishia penseli. Mama yake alikuwa hapo hapo, anachambua maharage, anangoja asomewe nitakachoandika. Zile siku mbili sikuziandika. Nikaandika, "Kwa kukupima."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kile chuma?" alisema, mpaka majirani wakachungulia. "Kile hakikuniuma hata kidogo!" Mama yake, ambaye hakuwa amecheka tangu mwanawe augue, akacheka naye, akanisogezea kigoda, akanipakulia chakula kama mwanawe wa pili. Nami nikanawa mikono, nikala.